Kazi ya chuo kikuu ya mtafiti wa seli za mimea: mwongozo kamili, tangu kitunguu cha kwanza hadi maabara yako mwenyewe

Mtafiti wa seli za mimea anaishi kwa kalenda mbili. Moja ni ya chuo: mihula, tarehe za mwisho za ruzuku, siku ya kutetea tasnifu. Nyingine ni ya mmea, na hiyo haibembelezeki. Arabidopsis thaliana, kimmea kidogo cha jamii ya haradali ambacho maabara nyingi za fani hii hukitumia, huchukua takriban wiki 6 hadi 8 kutoka mbegu hadi mbegu, hata msimamizi wako awe na haraka kiasi gani. Wengi wanaokwama hawakupungukiwa akili. Mbegu waliyoihitaji mwezi Machi ilipaswa kuwa udongoni tangu Juni ya mwaka uliotangulia. Mwongozo huu unapanda ngazi za kazi moja baada ya nyingine, lakini katika kila ngazi jiulize: sasa hivi, ni nini kinaota?

Hatua ya 1. Shahada ya kwanza: zoeza mkono na jicho

Masomo ya lazima yanajulikana: biolojia ya seli, jenetiki, biokemia. Matatu ambayo wanafunzi huyakwepa ndiyo yatakayowabeba baadaye: takwimu, fizikia ya mwanga, na kuandika programu fupi kwa R au Python. Asiyeelewa kwa nini lenzi haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana mno ataishia kubonyeza vitufe vya hadubini kwa kubahatisha.

Huhitaji mashine kubwa kuanza. Hadubini ya kawaida ya darasani na kitunguu chekundu vinatosha. Rangi ya zambarau imo ndani ya vakuoli (mifuko mikubwa ya maji) za seli za ngozi ya nje ya kila gamba, kwa hiyo seli imekwisha kujipaka rangi. Fanya hivi:

1. Kwa wembe mpya, chora mraba wa milimita 5 juu ya gamba, kisha ubandue ngozi kwa kibano. Weka ngozi hiyo kwenye tone la maji juu ya slaidi, ufunike kwa kioo chembamba.
2. Chora unachokiona, kwa penseli. Ukichora, jicho linalazimika kuamua mstari huu ni ukuta au ni utando.
3. Weka tone la mmumunyo wa mannitoli 0.8 M (gramu 14.6 katika mililita 100) kwenye ukingo mmoja wa kioo, na uvute maji kwa karatasi ya kunyonya kutoka ukingo wa pili.
4. Subiri dakika 5 hadi 10. Maji yanatoka kwenye vakuoli, rangi inakolea, na utando wa seli unajibandua ukutani na kusinyaa. Punguza mwanga, utazame kwa makini nafasi iliyobaki kati ya utando na ukuta: kuna nyuzi nyembamba mno zinazoendelea kuviunganisha. Huitwa nyuzi za Hecht.
5. Rudisha maji kwa njia ileile. Seli iliyo hai hujaa tena. Isipojaa, au rangi ikivuja, ulikuwa umekwisha kuiua kwa kuibana, kuikausha au kuikata.

Zoezi hili si la watoto. Siku utakayotaka kuonyesha kwamba protini yako iko kwenye utando na si kwenye ukuta, wahakiki wa jarida watakuomba jaribio hilihili, safari hii kwa protini inayong'aa na hadubini ya bei kubwa. Mkono ule uliobandua ngozi ya kitunguu bila kuichana ndio utakaoandaa sampuli.

Unapoomba nafasi ya kujitolea kwenye maabara, andika aya tatu tu: makala gani ya maabara hiyo umeisoma na ni nini ndani yake hukukielewa, saa ngapi kwa wiki unazo kweli, na kwamba uko tayari kuanza na kazi za chini. Kazi ya chini kwenye maabara ya mimea ni kuchanganya udongo, kuvuna mbegu na kumimina sahani za agari, na ndizo kazi zinazofundisha kalenda ya mmea.

Hatua ya 2. Jifunze kuotesha kabla ya kujifunza kuchunguza

Matokeo mengi mabaya kwenye hadubini yalianzia kwenye kuotesha. Mmea uliokauka siku moja, au uliokaa karibu mno na taa, una seli tofauti na jirani yake. Utaratibu ufuatao hufanya kazi kwa miche ya Arabidopsis inayotazamwa mizizi.

Safisha mbegu kwa ethanoli 70% kwa dakika 1 hadi 2, kisha kwa mmumunyo wa hipokloriti ya sodiamu wa takriban 2.5% wenye matone machache ya sabuni ya Tween-20, kwa dakika 5 hadi 10. Suuza mara 5 kwa maji yaliyochemshwa kwenye autoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu). Mbegu zilizozidishiwa muda kwenye hipokloriti hupauka na hazioti. Zilizopunguziwa muda hufunikwa na kuvu siku ya tatu, na sahani nzima hutupwa. Chakula chake ni chumvi za Murashige na Skoog, mchanganyiko uliochapishwa mwaka 1962 na bado unatumika: gramu 2.2 kwa lita kwa nguvu ya nusu, sukrozi 1%, pH 5.7 kwa kutumia KOH, agari 0.8% hadi 1%. Autoklevu ni nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20. Pima pH kabla ya kuongeza agari, kwa sababu agari huganda kwenye elektrodi, na pH iliyokosewa huifanya sahani iwe uji.

Weka sahani kwenye baridi ya nyuzi 4 kwa siku 2 hadi 4, gizani, ili mbegu zote ziamke pamoja. Ukiruka hatua hii miche itaota kwa kupishana, na "siku ya tano" haitakuwa na maana moja kwa miche yote. Baada ya hapo zisimamishe wima kwenye nyuzi 22, mwanga saa 16 na giza saa 8. Mizizi itateremka juu ya agari badala ya kuzama ndani, na utaichukua bila kuijeruhi. Panda daima mmea wa asili na mmea wenye kasoro ya jeni kwenye sahani ileile moja. Sahani mbili zilizokaa rafu moja hazina hali moja.

Hatua ya 3. Uzamivu: msimamizi kwanza, swali la pili, kifaa mwisho

Shahada ya uzamivu huchukua kwa kawaida miaka 3 hadi 4 katika nchi nyingi za Ulaya na 5 hadi 6 Marekani. Kabla ya kukubali nafasi, zungumza na wanafunzi wa maabara hiyo bila msimamizi kuwepo, uwaulize mambo yenye majibu ya wazi: Nani alikufundisha hadubini, na kwa saa ngapi? Mwanafunzi wa mwisho ambaye mradi wake ulianguka, alifanywa nini? Mbegu za makala iliyopita ziko wapi? Omba kuonyeshwa kabati la mbegu. Maabara ambayo hakuna anayejua bahasha ipi ina nini itakula mwaka mzima wa uzamivu wako ukitafuta mbegu ambazo mtu mwingine alizipoteza.

Swali la utafiti liwe na umri mrefu kuliko kifaa. Tazama hili: mwaka 1962 Paul Green, akichunguza seli ndefu za mwani wa Nitella, alipendekeza kwamba ndani ya seli kuna nyuzi za protini zinazoelekeza jinsi selulosi inavyopangwa ukutani. Mwaka uliofuata Myron Ledbetter na Keith Porter walizionyesha nyuzi hizo, ziitwazo mikrotubuli, chini ya utando wa seli za mimea, zikiwa zimelala sambamba na nyuzi za selulosi. Ilichukua hadi mwaka 2006 ndipo Alexander Paredez, Christopher Somerville na David Ehrhardt walipoweka alama inayong'aa kwenye kimeng'enya kinachotengeneza selulosi, wakakiona kwenye seli hai kikisafiri juu ya njia za mikrotubuli. Swali lilingoja kifaa kwa zaidi ya miaka 40. Anayeanza na kifaa ("tuna hadubini mpya, tutazame nini?") hupata picha nzuri na tasnifu isiyo na uti wa mgongo.

Panga miradi miwili tangu mwezi wa kwanza. Mmoja uwe wa uhakika: kueleza kwa vipimo kasoro ya mmea ambao tayari upo na tayari unaonekana umeharibika. Wa pili uwe wa kuthubutu. Wa kwanza utakupa sura ya tasnifu hata ule wa pili ukifa.

Hatua ya 4. Hesabu ya vizazi

Hapa ndipo pa kukaa na kalenda na penseli. Tuseme unataka mmea wenye protini yako iliyounganishwa na GFP, ile protini ya kijani kutoka kwa kiwavimaji Aequorea victoria, ambayo Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walitunukiwa kwa ajili yake Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. Muda unakwenda hivi.

Kuunda plazmidi (kiduara cha DNA kinachobeba jeni yako) na kuisoma mfuatano wake: wiki 3 hadi 6. Panda mimea ya kuchovya wiki hiyohiyo unayoanza plazmidi, maana nayo inahitaji wiki 4 hadi 5 kufikia maua. Anayesubiri plazmidi iwe tayari ndipo apande amepoteza mwezi bure.

Kuchovya maua kwenye Agrobakteria, bakteria wanaoingiza DNA ndani ya seli za mmea, ni njia iliyochapishwa na Steven Clough na Andrew Bent mwaka 1998. Kata shina la kwanza la maua linapoanza kurefuka ili yachipue mashina mengi ya pembeni, na uchovye siku 4 hadi 6 baadaye. Bakteria ziwe kwenye sukrozi 5%, zikiwa na OD (kipimo cha wingi wa bakteria kwenye mmumunyo) ya takriban 0.8, pamoja na Silwet L-77, sabuni ya kusaidia mmumunyo kuenea, kiasi cha 0.02% hadi 0.05%. Chovya kwa sekunde 2 hadi 3 ukitikisa taratibu, funika usiku mmoja kuhifadhi unyevu, rudia baada ya siku 5 hadi 7. Silwet ikizidi, maua yanaungua. Maua yaliyokwisha kufunguka hayana faida yoyote: kinachopokea DNA ni chembe za kike ndani ya matumba machanga ambayo ovari yake haijajifunga. Kwa hiyo ondoa maua yaliyofunguka na vitumba vya mbegu vilivyokwisha kutokea kabla ya kuchovya, la sivyo utavuna mbegu nyingi zisizo na kitu.

Mbegu hukomaa wiki 3 hadi 4 baadaye. Mafanikio ya kawaida ni kati ya 0.1% na 1%. Mbegu moja ina uzito wa takriban mikrogramu 20, hivyo miligramu 40 ni kama mbegu 2,000, na humo tarajia miche kati ya 2 na 20 itakayostahimili antibayotiki ya uchaguzi (kwa mfano kanamaisini mikrogramu 50 kwa mililita). Hiki ndicho kizazi T1. Kila mche ni tukio lake peke yake, kwa sababu DNA imeingia mahali tofauti kwenye jenomu. Hamisha angalau 12 udongoni.

Wiki 8 hadi 10 baadaye una mbegu za T2. Panda 80 hadi 100 za kila mstari, yaani uzao wa mche mmoja wa T1. Zikistahimili tatu kwa kila moja inayokufa, DNA imeingia mahali pamoja; zikiwa 15 kwa 1, imeingia mahali pawili, na ni afadhali kuuacha mstari huo. Kati ya miche inayostahimili, theluthi moja tu ndiyo iliyobeba nakala zote mbili, na kwa macho hazitofautiani. Itabidi uvune kila mmea peke yake. Ukivuna mimea 8, bado kuna uwezekano wa karibu 4% kwamba hakuna hata mmoja unaoutaka, kwa hiyo vuna 12. Wiki nyingine 8 hadi 10, panda mbegu za T3: mstari ambao miche yake yote inastahimili ndio wako.

Pamoja na siku za kukausha mbegu na kuchagua miche katika kila kizazi, na ucheleweshaji wa kawaida, jumla ni miezi 8 hadi 10 kabla ya jaribio la kwanza linalostahili kuingia kwenye makala. Anayeanza mwezi wa kwanza wa uzamivu anaanza vipimo mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Anayeanza baada ya "kusoma kwanza kwa miezi sita" anaanza vipimo katikati ya mwaka wa pili, na hatakuwa na nafasi ya kukosea hata mara moja.

Kwa muda wa kungoja, tumia majani ya Nicotiana benthamiana. Sindano isiyo na ncha, Agrobakteria zenye OD 0.1 hadi 0.5 kwenye MgCl₂ 10 mM, MES 10 mM ya pH 5.6 na asetosiringoni mikromola 100 hadi 200. Bonyeza upande wa chini wa jani, tazama baada ya siku 2 hadi 3. Utajua kama plazmidi inafanya kazi na protini inakwenda takriban wapi. Neno ni takriban: protini iliyofurika kwenye jani huenda mahali isipoishi kwa kawaida. Tumia majani hayo kuchagua plazmidi ipi inastahili miezi 9 ya Arabidopsis.

Na jambo moja linalosahauliwa hadi mhakiki alikumbushe: ingiza protini yako yenye GFP kwenye mmea ulioharibika jeni hiyohiyo, ukitumia promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) ya jeni yenyewe. Mmea ukipona, protini yako inafanya kazi, na mahali unapoiona ndipo inapoishi. Ukiiingiza kwenye mmea wa asili kwa promota kali ya 35S, una picha inayong'aa na huna ushahidi. Kulirekebisha kosa hilo baada ya makala kurudishwa ni miezi 9 tena.

Mimea iliyoharibika jeni huagizwa kutoka hifadhi za mbegu, hasa ABRC ya Marekani na NASC ya Uingereza. Bahasha inayofika mara nyingi ina mchanganyiko wa vizazi, kwa hiyo chunguza kila mmea kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA ili kionekane) kabla ya kuuamini, na agiza aleli mbili, yaani mistari miwili ambayo jeni ileile imeharibika kwa namna tofauti. Mbegu zinazovuka mpaka huhitaji kibali cha afya ya mimea, na zenye jeni zilizohamishwa huhitaji kibali chake pia. Anza makaratasi hayo miezi kadhaa kabla.

Hatua ya 5. Kwenye hadubini

Lenzi ina namba mbili muhimu. Ukuzaji ndio unaovutia watu, lakini namba inayoamua unaona nini ni NA, kipimo cha uwezo wa lenzi kukusanya mwanga. Umbali mdogo kabisa unaoweza kutenganishwa ni 0.61 mara urefu wa wimbi la mwanga, ukigawanya kwa NA. Kwa mwanga wa GFP wa nanomita 510 na lenzi ya NA 1.2 unapata takriban mikromita 0.26. Pikseli basi iwe karibu na mikromita 0.1. Kubwa zaidi, unapoteza ulichokilipia. Ndogo zaidi, unaichoma sampuli kwa leza bila faida. Kioo cha kufunikia kiwe cha unene wa milimita 0.17, maana lenzi nyingi zimetengenezwa kwa unene huo. Seli za mimea zimejaa maji, hivyo ukitaka kuzama ndani ya mzizi, lenzi ya kuzamishwa majini hushinda ya mafuta.

Anza kila kipindi kwa mmea usio na GFP kabisa, kwa leza na mipangilio ileile utakayotumia. Kuta za seli na klorofili zina mng'ao wake. Klorofili hung'aa karibu na nanomita 650 hadi 720, na njia ya rangi nyekundu ikiwekwa hovyo, mng'ao huo huchanganywa na ishara yako. Ukiwa na rangi mbili, tazama pia mimea yenye rangi moja moja, uhakikishe hakuna inayovuja kwenye njia ya mwenzake. Piga njia hizo kwa zamu, si kwa pamoja.

Washa onyesho la pikseli zilizojaa. Pikseli yenye thamani ya juu kabisa (255 kwenye picha ya biti 8) imepoteza habari yake milele. Hakuna programu itakayoirudisha, na kipimo cha mng'ao kwenye picha hiyo ni batili. Ukishaweka mipangilio, usiiguse hadi umalize mimea yote ya linganisho. Hapa ndipo wanaoanza huharibu siku nzima bila kujua: mmea dhaifu unaonekana hafifu, wanaongeza nguvu ya leza kidogo "ili uonekane", na tofauti waliyokuwa wanaitafuta imefutwa.

Seli ihakikishwe kuwa hai. Kwenye seli za ngozi ya nje na za vinyweleo vya mizizi, saitoplazmu hutiririka. Mtiririko ukisimama, ondoka kwenye seli hiyo, hata picha yake iwe nzuri. Ncha ya mzizi iliyobanwa chini ya kioo kwa zaidi ya dakika 15 huanza kukosa hewa. Andaa miche miwili mitatu kwa wakati, si kumi. Ukitumia rangi ya FM4-64 (mikromola 2 hadi 4) kufuatilia utando unaomezwa ndani, andika muda kwa dakika tangu rangi ilipogusa mzizi: dakika za mwanzo iko kwenye utando wa nje, baadaye kwenye vifuko vidogo ndani, baada ya saa kadhaa iko kwenye utando wa vakuoli. "Tulisubiri kidogo" haiwezi kurudiwa na mtu mwingine. Na dawa yoyote iliyoyeyushwa kwenye DMSO, kama brefeldini A au orizalini, ilinganishwe na miche iliyopewa DMSO peke yake kwa kiasi kilekile.

Hifadhi faili asilia la hadubini lenye taarifa zake zote, sehemu mbili tofauti, siku hiyohiyo. Picha ya JPEG imekwisha kutupa sehemu ya data, na majarida yanaweza kukudai faili asilia miaka kadhaa baadaye. Jina la faili lianze na tarehe, kisha mstari wa mbegu, siku za mche, dawa, namba ya mche.

Hatua ya 6. Kuhesabu

Tuseme umetazama miche 10, seli 5 kwa kila mche, majaribio 3. Una vipimo 150, lakini huna sampuli huru 150. Seli za mche mmoja ni ndugu. Zimekula sahani moja na kuangaziwa leza moja. Pata wastani wa kila mche kwanza, kisha linganisha miche, na uonyeshe majaribio matatu yanakubaliana. Makala nyingi hurudishwa kwa kosa hili, na ni haki zirudishwe.

Mtu mwingine abadilishe majina ya faili kuwa namba kabla hujapima. Hili si suala la uaminifu wako. Jicho la anayejua jibu analolitaka huchagua seli bila mwenyewe kutambua. Upimaji ufanyike kwenye Fiji, programu ya kuchambua picha, kwa hatua zilizoandikwa kama makro, ili mwaka mmoja baadaye urudie kwa kubonyeza mara moja.

Hatua ya 7. Makala

Panga picha kwanza, maneno baadaye. Kila jopo liwe na mstari wa kipimo, na marekebisho ya mwangaza yawe sawa kwa picha nzima na kwa picha zote zinazolinganishwa. Kufuta doa, kunakili kipande au kuongeza mwangaza sehemu moja ni udanganyifu, hata doa likiwa vumbi. Tumia kijani na majenta badala ya kijani na nyekundu, kwa kuwa wasomaji wengi, hasa wanaume, hawatofautishi hizo mbili.

Mpangilio wa majina uzungumzwe mradi unapoanza, uandikwe, na urudiwe kila mradi unapobadilika. Weka nakala ya awali kwenye bioRxiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala ambazo hazijahakikiwa, siku unapotuma jaridani, ili tarehe ya kazi yako ijulikane wakati wahakiki wanasoma. Unapongoja majibu, wahakiki watauliza nini? Mara nyingi ni haya: aleli ya pili ya jeni iliyoharibika, mmea uliopona, kipimo badala ya picha moja, kiashirio kinachojulikana kando ya protini yako. Mbegu za hayo yote ziwe zinaota siku makala inapotumwa.

Hatua ya 8. Miaka ya baada ya uzamivu

Badilisha kitu kimoja, usibadilishe vyote. Ukibaki na swali, chukua mbinu mpya. Ukibaki na mbinu, chukua kiungo kingine cha seli au mmea mwingine. Anza kuandika kwa wasimamizi mwaka mmoja kabla ya kutetea tasnifu. Ufadhili wa kimataifa kama wa EMBO (miaka 2) au HFSP (miaka 3) huhesabu muda tangu tarehe ya shahada na hudai uhamie nchi nyingine, kwa hiyo mwezi unaopotea hapo haurudi. Waandishi wa barua za mapendekezo wapewe wiki 4 hadi 6, pamoja na ukurasa mmoja wa ulichokifanya mbele yao.

Kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi: nikiondoka, naondoka na nini? Mbegu zipi, plazmidi zipi, swali lipi? Aibu ya kuuliza hilo mapema ni ndogo kuliko kushindana na msimamizi wako wa zamani ukiwa na maabara changa.

Hatua ya 9. Kuomba nafasi na kufungua maabara

Mpango wa utafiti uwe na malengo mawili au matatu yasiyotegemeana. La pili lisife la kwanza likianguka. Mhadhara wa usaili ni dakika 45 hadi 50, na wengi wanaousikiliza hawajui mimea. Dakika tano za mwanzo zieleze kwa nini seli isiyoweza kuhama, iliyofungwa ndani ya ukuta wake mwenyewe, ni tatizo la kuvutia. Kikao cha ubaoni bila slaidi ndicho kinachoangusha wengi: jizoeze kuchora jaribio moja kwa kalamu, pamoja na matokeo yanayoweza kukupinga.

Kwenye majadiliano usiulize fedha peke yake. Uliza saa za hadubini zilizohakikishwa kwa wiki, nani analipa mkataba wa matengenezo, na vyumba vya kuoteshea viko wapi, vina umeme wa akiba na kengele ya joto au la. Chumba kilichopanda hadi nyuzi 35 usiku wa Jumamosi kinafuta miezi minne ya watu watatu.

Kisha vita vidogo vya kila siku. Visubi vya udongo huja na udongo wenye unyevu mwingi. Acha uso wa udongo ukauke kati ya kumwagilia, tumia Bacillus thuringiensis israelensis, na weka karatasi za njano zenye gundi ili uwaone kabla hawajazaana. Vithiripi na ukungu mweupe vikiingia, tupa mimea, safisha chumba, anza upya kutoka mbegu. Kuviponya kidogo kidogo kunachukua muda mrefu zaidi.

Daftari la mbegu lianze siku ya kwanza, kabla ya mwanafunzi wa kwanza. Kila bahasha iandikwe namba, mzazi, kizazi, antibayotiki, tarehe ya kuvuna na jina la aliyevuna. Nusu ihifadhiwe kavu kwenye nyuzi 4 pamoja na silika, nusu kwenye jengo jingine. Jaribu uotaji wa mistari muhimu kila baada ya miaka michache na uvune upya inayodhoofika. Mwanafunzi anayeondoka asikabidhi ufunguo kabla hajakaa na atakayempokea, wakafungua bahasha moja moja, wakapanda mbegu kumi za kila mstari wa tasnifu yake, na wakaona zimeota.